Jicho Moja Kisimani

Kila nikifungua plasta, harufu yake ya mpira hunikumbusha mama. Nilikuwa na makengeza, na huko hospitali ya Nachingwea daktari alinifunika jicho zuri kwa plasta, ili lile lililopinda lijizoeze kutazama. Tuliporudi kwetu Mandawa, watoto walinicheka kisimani, nikakataa kutoka tena.

Mama hakunigombeza. Alichana pindo la kanga yake, akajifunga jicho moja, akachukua mtungi na kunishika mkono.

Kisimani mwanamke mmoja akamuuliza, "Dada, jicho limepatwa na nini?"

"Halina kitu," mama akajibu. "Mimi na mwanangu tunayafundisha haya mengine kuona."

Hakuna aliyecheka. Tulirudi polepole, maji yakimmwagikia mabegani, nami nikitangulia, kichwa juu, nikimwonyesha mashimo ya njiani.