Mbingu ya Mlangoni

Kituo cha umeme alichokilinda Mzee Swichi kwa miaka ishirini na sita kilikuwa na chumba kimoja, meza moja, kiti kilichofungwa mguu kwa waya, na kabati la chuma lenye rilei. Rilei ndiyo mlinzi wa laini. Waya ukianguka, umeme mwingi hukimbilia ardhini, nayo ikiziona mbio hizo hukata kufumba na kufumbua. Jina la kuzaliwa la Mzee Swichi walilijua mkewe na karani wa mishahara tu.

Zamani umeme ulitoka upande mmoja, kama maji ya bomba, na kazi ilikuwa nyepesi. Kisha wenye nafasi zao kule mlimani wakafunga sola mapaani, na ziada ikawa inarudi kwenye laini. Ndipo rilei ilipopumbazwa. Waya ukianguka mchana, sola nazo zinaulisha, basi umeme unaotoka kituoni unaonekana kidogo, na rilei inadhani ni watu tu wanapiga pasi. Dawa yake ilikuwa swichi yenye pande mbili. Mzee Swichi aliziandika kwa chaki: JUA, rilei iwe na masikio makali, GIZA, masikio yalegee, maana jioni watu wakiwasha taa na majiko yote, masikio makali hukata umeme bure.

"Bosi, kile kisanduku cha kuigeuza swichi bila mkono kitafungwa lini?" alimuuliza msimamizi.

"Kinangoja kifaa cha mawasiliano."

"Miaka miwili? Hata tembo angekuwa ameshazaa."

"Geuza kwa mkono, mzee. Mkono wako una kasoro gani?"

Basi akageuza, asubuhi na jioni. Na kila asubuhi gari la mafundi wa laini likipita, kichwa kilichomoza dirishani: shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye mkewe alimlea mgongoni tangu mama yao alipofariki.

"Shemeji! Masikio yako wazi?"

"Panda nguzo, ngedere wewe. Mimi nipo."

"Ukinisahau, dada atakurudisha kwenu na godoro lako!"

Wiki moja masikio makali yalikata umeme wa kinu cha nafaka mara tatu, siku za mawingu, sola zisipozalisha. Mwenye kinu akaja juu, msimamizi akamshukia Mzee Swichi kama mwewe. Kwa hiyo asubuhi ile, alipofungua mlango akakuta mawingu yametanda hadi kwenye uzio, alisema moyoni, sola leo zimelala. Akaiacha swichi kwenye GIZA.

Mlimani jua lilikuwa linawaka.

Saa nne shemeji alitumwa chini ya mlima kutazama nguzo iliyoinama. Hata ngazi hajaiegemeza, waya ukakatika ukaanguka barabarani. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anavuka. Shemeji akamrukia, akamsukuma kando, akajikwaa, mikono yote miwili ikatua kwenye waya. Kwa mazoea yake, waya uliokwisha anguka ni waya uliokufa.

Kituoni, mshale wa mita ulipanda, lakini rilei, masikio yake yamelegea, haikukata. Mzee Swichi aliuona. Akadhani kinu kimeanza kusaga. Redio ya mafundi ilipopiga kelele ndipo akakata kwa mkono.

Hospitali ilimrudisha shemeji nyumbani kwa dada yake bila mikono, mmoja umeishia kiwikoni, mwingine begani. Ripoti ikaandikwa kuwa chanzo ni hali ya hewa.

"Tia sahihi," msimamizi alimwambia Mzee Swichi. "Usijitie kitanzi, mzee wangu. Ajali haina kinga."

Akatia.

Mkewe aliisoma karatasi ile mara mbili, amesimama na mwiko mkononi.

"Hali ya hewa. Mdogo wangu anasema jua liliwaka hadi likamtoa jasho. Wewe uliangalia mbingu ya wapi?"

"Ya mlangoni."

"Ya mlangoni kwako."

Hakulia. Alirudi jikoni, na tangu siku hiyo akawa anamwekea mumewe chakula na kuondoka kabla hajaketi.

Wajibu wa asubuhi ukabaki wa Mzee Swichi: kumlisha shemeji yake kabla ya kwenda zamu. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akachota uji, akapuliza, akapeleka mdomoni. Mdomo ule usiokuwa na breki ulifunguka kwa kijiko tu. Alijaribu mara moja kuutania, akasema, "Fungua, ngedere." Shemeji akageuzia macho ukutani.

Asubuhi moja, bakuli likiwa bado limejaa, shemeji alisema, "Kile kisanduku wamekifunga?"

"Bado. Kiko kwenye nailoni yake."

Shemeji alitazama dirisha, mwanga ukipanda kwenye pazia.

"Basi nenda. Utachelewa kugeuza."

"Kula kwanza, shemeji."

"Nimeshiba."

Kijiko kilibaki hewani, uji ukidondokea shuka.