Mtoto Niliyemhamisha Kutoka Ihanda

Mwaka 1969 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shida zangu zilianzia hapo. Mama alifariki akijifungua, mtoto akabaki, na nyuma yangu walikuwapo wengine watatu. Baba akanitoa darasa la tatu. Mwalimu alikuja nyumbani mara mbili kuniombea nirudi. Mara ya pili baba alimuuliza kama yuko tayari kumbeba huyo mchanga mgongoni huku akifundisha. Mwalimu akanywa maji, akaaga. Sikurudi tena darasani, na sitaki mtu anionee huruma kwa hilo. Nimekutana na wenye vyeti waliokuja kuniomba kazi ya kushona magunia.

Nilichuma kahawa za watu. Nikaolewa, nikazaa watatu, mume akafa wakiwa bado wadogo. Nikashuka Tunduma na sufuria moja, nikawa napikia maharage madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani. Kutoka kwenye maharage nikaingia kwenye mahindi. Niliyanunua Itaka na Ihanda wakati wa mavuno, nikayaleta Tunduma, nikawauzia watu wa ng'ambo. Nilijifunza kusalimia "mulishani" na kuhesabu kwa Kibemba kabla sijajua kuandika sahihi yangu vizuri. Kazi yenyewe ni ya akili moja tu: hindi lile lile, punje zile zile, ukilisogeza kilomita chache bei inabadilika. Anayejua lini alisogeze na wapi, ndiye anayekula. Mimi nilijua. Nyumba yangu ya Mpemba, hapo hapo mji wa Tunduma, ilijengwa na akili hiyo.

Nataka kueleza jinsi akili hiyo hiyo ilivyoniumbua.

Watoto wangu walikua wakatawanyika. Mmoja yuko Dar es Salaam. Mmoja yuko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ameoa huko, na wajukuu wake nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kibemba. Binti yangu wa mwisho aliolewa Ihanda. Nikabaki na nyumba ya vyumba vitano. Watu wanadhani upweke ni kulia. Upweke ni kusonga ugali wa mtu mmoja. Haupikiki. Unga kidogo, maji kidogo, kabla haujashika umeshaungua chini. Ukipika mwingi unaula siku mbili, na siku ya pili unatafuna umesimama, kwa sababu hakuna maana ya kukaa.

Binti yangu wa Ihanda alikuwa na mtoto wa kike mwenye kichwa. Mimi sisifu ovyo. Nikifika kwao kununua mahindi tulikuwa tunashindana hesabu, mimi kwa kichwa, yeye kwa kichwa. Madebe sita na nusu kwa bei hii, toa nauli, toa ushuru, kinabaki nini? Nilikuwa namshinda, lakini kila msimu nilimshinda kwa shida zaidi. Alipofika darasa la tano aliniambia, "Bibi, mwakani utanipigia magoti." Baba yake akamkemea. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kwetu bibi akiomba mjukuu wa kukaa naye, hanyimwi. Ni desturi, na mwenye kunyima anasemwa. Mimi niliomba. Lakini sikusema naomba mtu wa kukaa naye. Nilisema shule. Nilisema shule ya Ihanda madirisha hayana vioo, watoto wanakalia matofali, walimu wachache, na mtoto huyu anatakiwa kwenda shule ya vipaji maalumu, ile ya serikali ya bweni inayochukua wenye alama za juu tu. Nikasema Tunduma kuna shule inayofaulisha. Nikamhamisha alipoingia darasa la sita.

Mwalimu mkuu wa Ihanda ndiye pekee aliyenibishia. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, anafuga nyuki. Nilipokwenda kuchukua karatasi ya uhamisho alinipa kiti akaniuliza kama nina haraka. Nikamwambia gari linapakia. Akasema hata hivyo anisemeshe. Akaeleza kwamba nafasi za zile shule za vipaji hugawiwa kwa kila halmashauri. Ihanda iko Mbozi, Mbozi ina nafasi zake. Tunduma ina zake, na Tunduma kuna shule nyingi za kulipia, watoto wao wanapata alama kubwa sana.

"Hapa mama, huyu ndiye anayewaongoza wasichana. Kule atakuwa wa ngapi?"

"Mwalimu," nikamjibu, "mtoto si jogoo wa kuwekwa penye vifaranga ili aonekane mkubwa."

Alicheka, nami nikacheka. Akasaini. Wakati ananipa karatasi akasema, "Haya mama. Biashara unaijua wewe." Sikuona kama kuna kitu ndani ya maneno yale. Niliona amekubali.

Ile miaka miwili, nitasema ukweli, ilikuwa mizuri kuliko yote tangu mume wangu afe. Ugali ulipikika. Jioni alikuwa ananisomea maandishi ya dawa yangu ya presha, kisha ananisomea hata karatasi ya mfuko wa sukari, kwa ujeuri tu, kwa sauti ya mtangazaji. Kule shule mpya hakuwa wa kwanza. Muhula wa kwanza alikuwa wa kumi na tisa, akalia. Nikamwambia panda. Akapanda. Mpaka darasa la saba alikuwa wa sita au wa saba, na wale waliokuwa mbele yake walikuwa watoto waliosoma masomo ya ziada tangu chekechea. Mimi nilihesabu hivi: hindi limefika sokoni, sasa bei ni juu.

Matokeo yalipotoka alikuwa na alama mia mbili sitini na sita kati ya mia tatu. Nilichinja kuku. Nikampigia simu mama yake, nikampigia na wa Dar es Salaam ambaye sikuwa nimeongea naye tangu mwaka uanze. Kesho yake nikaenda kwa fundi bati nikanunua sanduku la shule, la bluu, la kufuli, nikamwambia fundi aandike jina la mtoto kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe. Fundi akauliza anakwenda shule gani aiandike nayo. Nikamwambia acha nafasi, utaandika wakichagua. Nilikuwa najua jibu. Nilitaka tu kurudi nikamringie mara ya pili.

Orodha ya waliochaguliwa ilitoka wiki kadhaa baadaye. Mtoto alipangiwa shule ya kutwa. Ya hapa hapa.

Sitadanganya. Kuna kitu kidogo ndani yangu kilichosema, basi atabaki. Kilisema mara moja tu nikakinyamazisha, lakini kilisema.

Nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda ofisi ya elimu ya mji. Nilimkuta binti mmoja mwenye heshima. Nikamwambia kuna makosa, mtoto wangu ana alama za shule ya vipaji. Akamtafuta kwenye kompyuta yake, akasema alama ni nzuri sana, bibi, hongera. Ila kwa hapa Tunduma msichana wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na mia mbili sabini na moja.

"Wa kwako amekosa tano," akasema.

Nikamuuliza kama hizo tano haziwezi kuzungumzika. Akaniangalia usoni, akaelewa, akasema hapana, bibi, hizi hazizungumziki. Maisha yangu yote hapa mpakani sijaona kitu kisichozungumzika. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa bustani yao.

Jumamosi ile nikapanda gari kwenda Ihanda. Nilijiambia nakwenda kuangalia mahindi, na haukuwa msimu wa mahindi. Kwa binti yangu nilikuta furaha kwa jirani. Binti wa jirani, aliyekuwa akikaa dawati moja na mjukuu wangu tangu darasa la kwanza, na akichota naye maji, amechaguliwa ile shule ya vipaji. Yule mtoto siku zote alikuwa wa pili. Tangu wameanza shule hajawahi kumpita mjukuu wangu hata mtihani mmoja. Nilimpa hongera mama yake. Mkono ulikuwa mzito.

Kisha nikaenda kwa mwalimu mkuu. Alikuwa nyuma ya nyumba anatengeneza mizinga. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikamuuliza Mbozi wasichana wameishia alama ngapi. Akafuta mikono, akasema yeye alichokiona ni kwamba huyu binti wa shuleni kwake ameingia na mia mbili hamsini na nane.

Mia mbili sitini na sita, toa mia mbili hamsini na nane. Sikuhitaji karatasi. Zilizidi nane. Mtoto yule yule, kichwa kile kile, angebaki pale alipozaliwa alama zake zingetosha na chenji ingebaki. Mimi nilimsogeza kilomita chache kwenye barabara ile ile ninayopitisha mahindi, na katikati kulikuwa na mpaka ambao sikuwahi kuuona kwa sababu hauna geti wala askari. Nimevuka mpaka wa nchi maelfu ya mara. Huu wa halmashauri mbili ulinishinda.

Nilimsubiri mwalimu aseme, nilikuambia. Nilikuwa na jibu lake tayari. Hakusema. Alimwita mkewe alete chai, akanieleza habari za nyuki, na nilikunywa ile chai kama dawa.

Niliporudi nilimweleza mtoto. Sikumficha, hesabu ni hesabu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Akaendelea kuchambua, mabovu huku, mazima huku. Halafu akauliza bila kuniangalia.

"Bibi, mwalimu alikuambia, na ukanihamisha. Ulinihamisha kwa ajili ya shule?"

"Kwa ajili ya shule," nikasema.

Nimeuza mahindi miaka arobaini sijawahi kuweka mchanga kwenye gunia. Siku ile niliweka.

Akaitikia, "Haya." Akamaliza maharage. Nadhani alijua. Mtoto aliyekula na mtu miaka miwili anajua kama aliitwa asome au aliitwa ale naye.

Mambo mawili yalifuata. La kwanza, aliomba lile sanduku apewe rafiki yake wa Ihanda, kwa sababu kwao hawakuwa na la kumpa. Alisema jina linafutika kwa mafuta ya taa. Nikakataa. Nilisema sanduku lina mwenyewe. Yule rafiki akaenda shule na begi la kushonwa, nikasikia baadaye. Ningeweza kusema nilikataa kwa sababu nilikuwa bado natafuta njia ya kumpeleka. Hapana. Nilikataa kwa kiburi. Sanduku likitoka ndani, kila mtu angejua limeshindikana.

La pili, mama yake alikuja kumchukua Januari. Alisema kama ni shule ya kutwa, hata Ihanda ipo ya kata. Hakugomba. Alinishukuru kwa matunzo, na binti yako akikushukuru kama anavyomshukuru mgeni, hapo ujue. Mtoto alinipigia magoti kuniaga, akakumbuka, akasema, "Umeona, bibi, mimi ndiye niliyekupigia." Tukacheka wote wawili. Gari likaondoka.

Mwanzoni alikuwa anakuja kila Jumapili baada ya ibada. Sasa yuko kidato cha pili, ana masomo, anakuja mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine hapiti. Huko anaongoza. Wanasema kidato cha nne kuna kuchaguliwa tena, na kuna alama zake tena. Mwezi uliopita mwanamke mmoja wa sokoni aliniambia nimrudishe Tunduma, kuna shule nzuri imefunguliwa. Nikamwambia mtoto yuko pake. Nikaenda zangu.

Mimi sijaombwa hesabu na mtu, ila nimezoea kufunga kazi kwa kutaja nilicho nacho. Nyumba ya matofali ya kuchoma Mpemba, vyumba vitano, ninachotumia kimoja. Ghala moja la mahindi na mizani yake. Ekari nne Itaka, mbili za kahawa. Kiwanja kimoja kisichojengwa. Ng'ombe wawili, wako kwa binti yangu Ihanda. Simu ya batani. Miwani. Sufuria tano, ndogo imeungua chini. Sanduku moja la bati, la bluu, limeandikwa jina bila shule, kufuli moja na funguo mbili. Ndani hamna kitu.