Hadithi Iliyoingia Kundi la Chama

Sisi wanawake wachache wa chama chetu cha waandishi tulikuwa na desturi: hakuna aliyejisomea. Unamtumia mwenzako hadithi, yeye anairekodi kwa sauti yake kwenye simu na kukurudishia, nawe unasikia mwenyewe pale inapochechemea. Wanaume walituita kwaya ya akina mama. Wao walijisomea kila Jumamosi mjini, tena kirefu, huku sisi tukimimina chai.

Ijumaa moja nilimtumia rafiki yangu wa Kangemi hadithi ya mhariri mzee anayewaita wasichana ofisini awasahihishie miswada. Nilikuwa nimeitunga kutokana na minong'ono tu kuhusu mwenyekiti wetu. Akarekodi nusu ya kwanza, akaituma, na kwa haraka zake ikaingia kwenye kundi la chama kizima. Alipoifuta, mwenyekiti alikuwa ameshaisikiliza.

Nilikuwa jikoni kwangu Parklands rafiki yangu aliponipigia kunieleza. Nikakaa sakafuni. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa na mswada wa riwaya ya rafiki yangu, kazi ya miaka, na ndiye angeupeleka kwa mchapishaji. Sauti ilikuwa ya rafiki yangu, kwa hiyo angedhani na maneno ni yake. Nikamwambia nitasema ukweli. Akanikataza, akaniomba ninyamaze hadi kitabu kitoke.

Kesho yake niliingia ukumbini mjini, nikaanza kumimina chai. Nilimwogopa yule mzee, sifichi. Aliowanunia hawakuchapishwa tena popote. Akamtazama rafiki yangu, akatabasamu, akasema tumesikia nusu tu, basi atumalizie.

Rafiki yangu alisimama na simu mkononi.

"Mwalimu, hiyo hadithi ni yangu," nikasema.

Sikuwahi kusoma maneno yangu mbele ya watu. Niliichukua simu nikaanza. Sikufika mbali. Mwenyekiti alifungua mkoba, akautoa ule mswada na kuusukuma juu ya meza hadi mbele ya rafiki yangu. Nikaacha kusoma. Nilichokiogopa kilikuwa kimetokea.

Rafiki yangu aliupakata mswada wake, macho yake yakiwa kwa mzee.

"Endelea tu, dada," akaniambia. "Lakini umesahau pale anafunga mlango."

Sikuwa nimesahau. Hadithi yangu haikuwa na mlango.