Kibao cha Kaimu

Miaka tisa mtu anaitwa kaimu. Miaka tisa, jamani! Mtoto aliyezaliwa siku alipopewa ile barua sasa anajua kuzidisha na kugawanya, na mama wa watu bado anakaimu. Barua yenyewe ilikuwa na mistari minne: kwa kuwa mkuu wa chumba cha mashine amestaafu, utakaimu nafasi yake kwa muda, mpaka hapo utakapoarifiwa vinginevyo. Hakuna aliyemwarifu vinginevyo. Cheo kikageuka jina la utani. Mlinzi wa getini alimwita Kaimu, wafagiaji walimwita Kaimu, na ilifika mahali hata binti yake aliyeolewa, akipiga simu kumjulia hali, alianza na "Shikamoo Kaimu," halafu akacheka peke yake.

Jina angelivumilia. Kilichomkera ni mlango. Mlangoni pa chumba cha mashine palikuwa na kibao cha plastiki nyeusi chenye jina la yule mkuu aliyestaafu, na cheo chake chini kwa herufi nyeupe. Kaimu hapewi kibao. Ndivyo utaratibu ulivyosema, na afisa utumishi alimsomea kifungu chenyewe kwa sauti, polepole, kana kwamba mama hajui kusoma. Basi kila wiki mgeni alibisha hodi, akachungulia, akamwona mwanamke wa makamo mwenye miwani na sweta zito kwa sababu ya baridi ya humo ndani, akauliza, "Samahani mama, mzee yupo?"

"Mzee yuko kwake anafuga kuku," alijibu. "Sema shida yako."

Ofisi ilikuwa ya usajili wa vizazi na vifo. Nyuma ya ukuta wa kioo ilisimama mashine kubwa, ndefu kuliko kabati la nguo, na ndani yake mlikuwa na majina ya wote waliozaliwa na waliokufa tangu vitabu vya karatasi vilipoingizwa humo. Karani wa dirishani aliandika jina, mashine ikalitafuta, cheti kikatoka. Na programu za kutafuta majina hayo aliziandika nani? Yeye, akiwa binti wa miaka ishirini na minne, ana nywele ndefu na hajui uchovu ni nini. Sasa alibakiza miaka miwili astaafu. Hakutaka makubwa. Alitaka siku ya mwisho atoke kwenye mlango wenye jina lake, basi.

Mambo yalianza na jasho la mashine. Kampuni iliyoileta ilitoza leseni kwa kadiri prosesa zake kuu, yaani bongo za mashine, zilivyofanya kazi: ukizikimbiza sana, ankara inapanda. Lakini ndani ya kabati lilelile palikuwa na prosesa nyingine ambayo kampuni haikuihesabu kabisa. Ifanye kazi kutwa, ifanye kazi sikukuu, hakuna anayeandika popote. Wataalamu waliiita ya pembeni. Kwa miaka mingi ilikaa bure, mpaka mkurugenzi aliposikia habari zake kwenye mkutano fulani, akarudi amewaka kama jiko la mkaa.

"Mama," alimwambia Kaimu, amemkalisha kwenye kochi lake la ngozi, jambo ambalo halijapata kutokea, "hamishia kazi kwenye ile ya pembeni. Ukizipunguzia zile kuu mzigo kwa theluthi moja tu, neno kaimu nitalifuta kwa mkono wangu huu."

Akaunyanyua mkono wenyewe, na saa yake ikameta.

Kaimu hakuwa mjinga. Alikwishapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa mara nyingi. Lakini moyo nao una ukaidi wake, na alipofika nyumbani alimweleza mumewe kila neno, hata ile saa. Mumewe alikuwa fundi wa vibao. Alichonga majina ya zahanati, ya mawakili, ya shule, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, na alikuwa na vumbi la mbao kwenye nyusi siku zote.

"Nilikwambia kibao kitageuka," alisema. "Sikukwambia?"

Wiki ileile alichagua ubao mwekundu mgumu aliokuwa ameuficha kwa ajili ya kazi maalumu, akachonga majina ya mkewe yote matatu, na chini yake: Mkuu wa Chumba cha Mashine. Akapiga msasa, akapaka vanishi mara tatu. Kaimu alipokiona alifoka.

"Wewe baba, unanitafutia mkosi! Mtu hajapewa cheo, wewe umeshachonga?"

"Herufi zangu hazina haraka. Zitakungoja."

Wakakifunga kwenye shuka kuukuu, wakakisimamisha nyuma ya kabati la chumbani. Lakini Kaimu alipofagia siku za Jumapili, alikigusa kidogo kwa kidole, ahakikishe kipo.

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi hasa. Ya pembeni ilikuwa na maringo: haikupokea programu yoyote, ila zilizoandikwa kwa mtindo ulioruhusiwa. Zile zake za ujanani zilikuwa za lugha ya zamani, na zote arobaini na moja ilibidi aziandike upya, moja baada ya nyingine, huku ofisi ikiendelea kutoa vyeti kama kawaida. Miezi kumi na moja alipinda mgongo mbele ya kioo cha kompyuta. Wenzake wawili walipangiwa kumsaidia. Mmoja alihamishwa, wa pili alikuwa mgonjwa kila penye kazi.

Jioni moja, wakila, mumewe alitaka aelezwe hiyo ya pembeni ni kitu gani. Akamweleza.

"Subiri," alisema fundi. "Haihesabiwi, haisifiwi, na kazi zote inabebeshwa yenyewe? Mama watoto, hiyo mashine mimi nimeioa."

Walicheka mpaka Kaimu akapaliwa na maji. Siku ile ilikuwa ya kuchekesha.

Zilipohama programu zote, likatokea jambo. Ulikuwa msimu wa kuandikisha watoto shule, na kila mzazi alitaka cheti cha kuzaliwa. Ya pembeni ikalemewa, na mzigo uliozidi ukarudi wenyewe kwa zile kuu, kwa sababu ndivyo ilivyopangwa: kwenye mipangilio ya mashine palikuwa na mstari mmoja unaouliza kama ya pembeni isaidiwe ikizidiwa, ndiyo au hapana. Palikuwa pameandikwa ndiyo. Hesabu ikapanda, na mkurugenzi akaja mbio, koti mkononi.

"Weka hapana."

"Mkurugenzi, tukiweka hapana, ya pembeni ikilemewa inabaki imelemewa. Watu watasubiri."

"Watasubiri. Watu wetu wamezoea kusubiri."

Kaimu akaweka hapana. Kidole chake mwenyewe ndicho kilichobonyeza, na hilo hakujisamehe. Siku ya tatu alitoka kwenda madirishani, akakuta mabenchi yamejaa na watu wamekaa hadi kwenye ngazi. Mwanamume mmoja alishika kofia kwa mikono miwili. Alikuwa amefuata cheti cha kifo cha mkewe tangu asubuhi, na sasa ilikuwa saa tisa. Hakulalamika. Alimuuliza tu Kaimu, kwa adabu, kama jina la marehemu lina tatizo.

"Jina halina tatizo, kaka yangu," Kaimu alisema.

Alirudi ndani akajifungia na programu zake, wiki mbili. Na alichokuta kilimfanya ashike kichwa. Kosa lilikuwa lake. Binti yule wa miaka ishirini na minne, kwa kuogopa kukosea, aliiandikia mashine itafute kila jina kwenye vizazi na kwenye vifo pia, hata karani akitaka cheti cha kuzaliwa tu. Na yeye mtu mzima, kwa kuiheshimu kazi yake ya zamani, alilihamisha kosa lilelile neno kwa neno. Miaka thelathini na zaidi mashine ilimtafuta kila mtoto miongoni mwa maiti! Alilirekebisha kwa mistari sita. Asubuhi iliyofuata ya pembeni ilibeba kazi yote peke yake bila kuhema, mabenchi yakawa wazi kufikia saa nne, na mzigo wa zile kuu ulishuka karibu nusu. Aliombwa theluthi, akaleta karibu nusu.

Mkurugenzi aliita mkutano ukumbini. Alionyesha mchoro wenye mstari unaoteremka, watu wakapiga makofi. Akaushukuru mfumo mpya. Akaishukuru timu nzima, hata yule mgonjwa wa kudumu, ambaye alisimama akapunga mkono. Kaimu alikaa mstari wa pili, amevaa gauni la sikukuu, anangoja.

Aliitwa ofisini baadaye. Safari hii hakukalishwa kwenye kochi.

"Mama, nafasi ya mkuu imejazwa," alisema mkurugenzi, anapanga karatasi zilizokwishapangwa. "Masharti mapya yanataka shahada. Wewe una uzoefu tu."

"Uzoefu tu," alirudia Kaimu.

"Ni bwana mmoja mzuri sana, anatoka kampuni ya ushauri. Anaanza Jumatatu. Utamwelekeza."

"Uliniahidi kufuta neno kaimu."

"Na nimelifuta!" Alisogeza barua mezani, sahihi yake imekaa chini, kubwa. "Kuanzia Jumatatu wewe si kaimu tena. Unarudi kwenye cheo chako cha mwanzo."

Kaimu aliisoma barua mara mbili. Aliikunja mara nne, akageuka kuondoka. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango mkurugenzi alipomwita tena.

"Halafu mama, mumeo si fundi wa vibao? Tunahitaji kimoja cha mkuu mpya, kabla ya Jumatatu."

Fundi alipoambiwa, alitupa patasi chini.

"Mwambie akachonge kwa meno yake! Mimi sichongi."

Kaimu alimwacha atukane mpaka achoke. Kisha aliingia chumbani, akatoa kile kibao nyuma ya kabati, akakifungua ile shuka. Vanishi ilikuwa bado inang'aa. Alikiweka juu ya meza ya kazi, kifudifudi.

"Geuza," alisema. "Chonga upande huu. Ukubwa ni uleule."

"Umerukwa na akili? Na jina lako litaangalia wapi?"

"Litaangalia mlango. Si huko nyuma ndiko nilikokaa siku zote?" Alikisogeza kibao karibu naye. "Chonga, baba. Najua ni ujinga. Lakini mlangoni pale nitakuwepo, hata kama hakuna anayenisoma."

Fundi alipitisha kiganja juu ya upande usiochongwa. Mwisho aliinama, akaokota patasi, akapuliza vumbi.

"Nilisema kibao kitageuka," alisema, akaanza kuchonga.

Jumatatu Kaimu alifika mapema. Alifungua skrubu za kile cha plastiki, akafunga kile chekundu kwa bisibisi yake mwenyewe, akakaza mpaka kikashika mbao barabara. Mkuu mpya alikuja saa mbili, mtu wa adabu, suti imemkaa, akasimama akikitazama.

"Shikamoo mama. Kibao kizuri mno! Kachonga nani?"

"Marahaba. Mume wangu."

"Mpe pongezi zangu," alisema, akaingia ndani kutafuta mahali pa kuweka mkoba.

Kaimu alivaa sweta lake, akaketi mbele ya kioo chake. Hata dakika kumi hazikupita, mtu akabisha hodi. Alikuwa mgeni mwenye bahasha mkononi; alisoma kibao herufi kwa herufi, halafu akamwangalia mama aliyeketi pale.

"Samahani mama, mkuu yupo?"

"Yupo," alisema. "Ngoja nikuitie."