Moyo Upigwe Picha Ukiwa Kazini

Waliosema nina chira walisema mbele yangu, nami nikawajibu mbele yao, kwa hivyo hakuna siri ya mtu ninayotoa hapa. Mume wangu alikuwa amefariki. Ndugu yake mdogo alitakiwa anirithi kama desturi yetu ilivyo, nikakataa. Baadaye pumzi ikaanza kunikatika. Ukoo ukayafunga mambo hayo mawili pamoja, ukasema mwiko umevunjwa na sasa mwili unalipa. Hiyo ndiyo chira. Nikubali kurithiwa, nitapona.

Mimi nilikuwa nachuuza omena, dagaa wa ziwani, Asembo Bay. Nikikaa sina shida. Nikiongea, hata nikigombana na mtu, sina shida. Lakini nikitwika beseni kutoka ufukoni kupanda barabarani, katikati ya kilima kifua kinabana kama mtu amekikalia. Lazima nitue. Sasa niambie, ni chira gani hiyo inayongoja nitwike mzigo ndipo inishike?

Nikaenda hospitali ya Kombewa. Daktari akanisikiliza kifua, akasema anasikia damu ikirudi mahali isipotakiwa kurudi. Akanituma Kisumu, kwa daktari wa moyo aliyekuwa akija mara moja moja kutoka Nairobi na mashine yake ya picha. Shemeji, yule yule wa kunirithi, akasema lazima anisindikize. Alitaka kusikia kwa masikio yake kwamba sina ugonjwa. Nikamwambia aje, mradi nauli ajilipie.

Nililazwa ubavu wa kushoto, nikapakwa mafuta baridi, daktari akapitisha kifaa kifuani. Nikauona moyo wangu kwenye kioo, unafungua na kufunga kama mdomo wa mbuta aliyetolewa majini. Daktari alinieleza polepole. Homa ya viungo niliyougua utotoni iliacha kovu kwenye mlango mmoja wa moyo, haufungi sawasawa, damu kidogo inarudi nyuma. Lakini ni kidogo tu. Wanaopelekwa Nairobi kurekebishwa mlango ule ni wale ambao moyo umelemewa kweli, maana kupasuliwa kifua si mchezo na nafasi ni chache. Kwa picha kama yangu, hawezi kuniandikia niende.

Shemeji hakungoja hata tutoke. "Umesikia mwenyewe. Moyo ni mzima, kilicho kigumu ni kichwa. Jumamosi wazee watakuja tumalize mambo."

Nikaketi pale kitandani. "Daktari, umenipiga picha nimelala. Mimi siugui nikiwa nimelala."

Daktari akaniangalia, kisha akakubali. Akasema kuna watu ambao moyo wao wakipumzika unaficha ubaya wake, kwa hivyo wanafanyishwa kazi kwanza, halafu wanapigwa picha moyo ukiwa bado unakimbia. Kwa ajili hiyo alikuwa na baiskeli isiyokwenda popote, imesimamishwa pembeni. Shemeji akataka kujua tangu lini mgonjwa anakimbizwa kama ng'ombe. Nikamkumbusha kwamba sasa hivi tu nilikuwa mzima.

Nikaipanda. Sasa, mimi baiskeli nilikuwa nimeijua kwa nyuma, miguu upande mmoja, nikibebwa. Kwetu wanawake wa rika langu hawakukanyaga pedali. Daktari hakuniuliza, na mimi sikusema. Miguu ikateleza, mapaja yakawaka moto, nikashindwa kabla moyo haujaamka. Picha ikatoka vilevile. Muuguzi akaniambia kwa upole kwamba labda leo inatosha.

"Hata baiskeli imemkataa," shemeji akasema.

Daktari alikuwa anarudi Nairobi siku ileile. Nikijua hivyo, nikajifunga leso kiunoni nikamwambia anipe kazi ninayoijua. Ngazi zile pale, na mtungi wa maji wa wanaosafisha ule pale. Akawaza, akacheka kidogo. Akakubali, ila muuguzi apande nami, na kifua kikiuma nisimame mara moja.

Nikapanda na kushuka, mtungi kichwani, watu wote wa kwenye benchi wakinitazama. Bibi mmoja akaniuliza kama hospitali imeniandika kazi ya kuchota maji. Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Kilima cha Asembo kikanikuta palepale kwenye ngazi, kifua kikafunga, muuguzi akaupokea mtungi na kunisukuma kitandani kabla moyo haujatulia.

Daktari akapitisha kifaa tena kifuani. Halafu akakigeuza kioo nione. Damu iliyokuwa ikirudi kidogo, sasa ilikuwa inafurika chumba cha juu na kusukuma hadi mapafuni.

"Mama," akasema, "huu ndio moyo unaokwenda nao sokoni."

Akasema mlango haujaharibika kiasi cha kutupwa, bado unarekebishika, na mimi ni mtu wa kupelekwa Nairobi. Shemeji akamvuta kando. Akamuuliza, kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha, kama desturi inaweza kumalizwa kwanza kabla sijapasuliwa.

"Muulize mwenye kifua," daktari akamjibu.

Hakuniuliza. Nilimjibu hata hivyo, pumzi moja moja: hilo nililimaliza kwenye matanga, leo nimekuja kwa moyo.

Jumamosi wazee walikuja kweli. Niliwapa chai, nikawaambia naenda Nairobi. Mmoja akasema chira haishonwi na daktari. Nikamwambia sawa, nitakachopeleka kushonwa ni moyo, hiyo chira nitarudi nayo kama ilivyo, tuone itanifanya nini. Nilirudi nayo, mlango wa moyo umeshonwa. Nikalea watoto, nikapata wajukuu, sikurithiwa na mtu. Bado naingoja.