Vichujio vya Bun-hiong

Mimi niliishia darasa la sita ili mdogo wangu Bun-hiong asome, na sijajuta hata siku moja. Hapa Hsinchu, Taiwan, nimeuza maziwa ya soya miaka arobaini na moja. Yeye aliandika programu ya seva, ile inayopeleka kurasa kwenye simu za watu.

Kila ukurasa ulipita kwenye vichujio kabla ya kutoka. Kimoja hutia jina la mteja, kingine huubana uwe mdogo, kingine hulinda mlango. Kila fundi alivipa vyake jina alilotaka, wakawa wanagombana cha nani kitangulie. Asubuhi moja Bun-hiong alisimama akinitazama nikichuja, nikitia sukari, nikifunga mfuko kwa mpira.

"Dada, kwa nini usifunge kwanza, ndipo utie sukari?"

"Una wazimu? Sukari itapita wapi?"

Alicheka hadi akashika meza. Wiki ile akavigawa kwa aina: vya kugusa maneno, namba ishirini; vya kubana, namba arobaini; vya mlangoni, namba sitini; namba ndogo itangulie. Aina ndiyo ipange foleni, si cheo cha fundi. Katikati ya namba aliacha nafasi kwa watakaokuja.

Kisha ini likamwangusha. Akiwa wodini, mwenzake Kho Ka-beng aliandika kichujio cha kubana, akakiweka ishirini ili chake kitangulie. Siku ya kuuza tiketi za mabasi ya Mwaka Mpya, kurasa zikabanwa kabla ya kutiwa majina, zikatoka takataka tupu.

Wenzake wakatazama nini kwanza? Ile pakiti ya kijani ya bisi ambayo sisi Taiwan huiweka juu ya mashine ili itulie; ikipitwa na tarehe, watu husema mashine itaasi. Tarehe yake ilikuwa imepita, na aliyeinunua ni Bun-hiong. Wakapiga simu wodini. Nikaishika mimi sikioni mwake.

"Kaka Hiong, umetuponza! Bisi zako zimechina!"

"Angalieni aina," alisema kwa shida. "Kuna kilichokaa pasipo pake."

"Aina ziko sawa, kaka. Wewe pumzika."

Simu ikakatwa. "Dada," akaniambia, "hawaniamini."

Siku mbili alingoja wapige tena. Kila nilipoingia aliutazama mfuko wa aproni yangu, wenye simu, kwanza, kisha uso wangu. Siku ya tatu alifariki. Simu haikulia.

Baada ya mazishi Ka-beng alikuja kibandani, macho mekundu.

"Shangazi, namba ilipaswa kuwa arobaini. Mimi niliandika ishirini. Tulibadilisha pakiti ya bisi mara mbili kabla ya kusoma mstari mmoja."

Nikamfungia maziwa yake.

"Umemwambia?"

"Shangazi... si amefariki?"

"Nani asiyejua? Nimekuuliza, umemwambia?"

Akatikisa kichwa. Nilizima jiko, na wateja wamepanga foleni hadi barabarani, nikampeleka nyumbani mbele ya picha ya mdogo wangu, pale tunaposema na marehemu wetu, nikamshikisha kijiti cha ubani kinachowaka. Akasema, "Kaka, ishirini..."

"Sema yote," nikamwambia. "Yeye alingoja."