Mzigo Uliogoma Kufungika

Candida ana kinyaa. Si kile cha kujidai, cha watu wanaoshika kikombe kwa vidole viwili. Chake ni cha kweli, cha tumboni. Akipanda ngazi za ghorofa anakofanyia kazi pale Mchafukoge, katikati ya Dar, hagusi chuma cha pembeni hata kama umeme umekatika na haoni anakokanyaga. Ukutani kuna mate mekundu ya tambuu, mapya yamerukia ya zamani, na chini ya ngazi chemba ya maji machafu hufumuka kila mvua ikinyesha, na mwenye nyumba kila ikifumuka huahidi fundi. Mkobani mwake hamkosekani chupa ya spiriti na pamba. Akifika mezani hufuta kibodi, hufuta kipanya, hufuta simu, ndipo humwambia mtu "mambo." Wenzake wanamwita Bi Spiriti, na jina lenyewe kalizoea.

Tabia hiyo kairithi. Mama yake, Scholastika, alifua mashuka ya wagonjwa katika hospitali moja ya misheni kule kusini mpaka nguvu zikamwishia, na alikuwa na neno lake la siku za kufua: shuka lenye doa halikunjwi. Ukilikunja, doa linahamia upande wa pili. Candida alipokuja Dar kusomea kompyuta, kisha akapata kazi ya kutengeneza tovuti, alidhani nguo chafu ameziacha nyumbani. Kumbe kaja kuzikuta ndani ya kompyuta za watu, na hizi hazina hata harufu ya kukuonya.

Mwenye ofisi anaitwa Allan, kijana wa Marangu, mcheshi, mwenye moyo, hana ubaya na mtu. Ila ni mtu wa kuongeza. Kiti kikivunjika mguu, Allan huongeza kiti, na kile kibovu hubaki pale pale kimeegemea ukuta mpaka leo. Kabla ya Candida, fundi wake mkuu alikuwa Robert, ambaye siku hizi yuko Posta kwenye ofisi yenye vioo, na ambaye Allan humtaja kama watu wanavyomtaja marehemu, yaani kwa mema tu.

Asubuhi moja Bi Zulekha akapanda ngazi zile akihema. Huyu ni mwuzaji wa vitenge vya jumla Kariakoo, mteja wao wa siku nyingi, mzaliwa wa Mchafukoge yenyewe. Ndiye aliyemcheka Candida mara ya kwanza alipomwona ameziba pua kwenye ngazi. "Mwanangu, unashangaa nini? Mtaa umeshakwambia jina lake. Mchafu, kaoge! Watu wakalivuta, likawa Mchafukoge. Sasa nani kaoga?" Siku ile walicheka wote wawili. Asubuhi hii Bi Zulekha hakuwa na kicheko.

"Shikamoo, Bi Zulekha."

"Marahaba. Nitolee ile namba ya simu kwenye tovuti yangu. Sasa hivi, mwanangu, kabla sijafa kwa aibu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Zamani, laini zote zilipotakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole, kitambulisho cha taifa cha Bi Zulekha kilikuwa hakijatoka, na tarehe ya kuzimiwa simu inakaribia. Hamis, mtoto wa kaka yake, aliyemlea tangu anapakatwa, akamwambia, shangazi, weka dole langu, kwani mimi si wako? Likawekwa dole la Hamis. Miaka ikapita. Mwaka huu Hamis akakamatwa anatorosha majora ya vitenge dukani, shangazi yake akamfukuza, na yeye akaenda kuomba laini mpya ya namba ile ile. Akapewa. Kampuni ya simu ingemnyimaje? Laini ni ya mwenye dole.

Tangu hapo kila mteja wa mikoani anayeiona tovuti anampigia Hamis. Anaagiza, anatuma hela, halafu anasubiri mzigo kama anayesubiri meli isiyong'oa nanga. Juzi mwanamke mmoja, Zamda, alikuja na basi kutoka Tunduru, akasimama mbele ya duka katikati ya umati, akapiga kelele: "Zulekha mwizi! Mnamjua? Mwizi wa wajane!" Majirani wa maduka walitoka kuangalia. Hakuna aliyemtetea.

"Miaka yote hii sijamdhulumu mtu hata uzi," alisema Bi Zulekha. "Kariakoo mtu huna cheti. Una jina. Likienda, umekwenda."

"Basi tuifunge tovuti kwanza, mama," Allan alisema.

"Nikiifunga watasema nimekimbia na hela zao. Nataka namba mpya ionekane, watu wanipigie wanisikie mimi."

Candida akamwambia kazi ni ndogo, akae kidogo. Akaibadilisha namba, kweli ikawa kazi ndogo, kisha akaamuru kompyuta ifunge mzigo. Hivyo ndivyo wanavyosema pale ofisini, kwa kuazima lugha ya makuli wa Kariakoo: vipande vyote vya tovuti, maandishi na picha na maagizo, kompyuta inavikusanya, inavibana, inavifunga kuwa furushi moja, na furushi hilo ndilo linalopelekwa kwa watu. Usipofunga mzigo, ulichobadilisha kinabaki kwako.

Mzigo ukagoma. Mashine ikavuma, ikatafuna, ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba memori imekwisha, ikaacha. Candida akajaribu tena. Ikaacha pale pale.

"Ongeza memori," Allan alisema bila kuinua macho kwenye simu yake. "Robert alikuwa anaongeza tu."

Ni kweli, alikuwa anaongeza. Katika maagizo kuna mstari mmoja unaoiambia programu ya kufunga mzigo ijiruhusu memori kiasi gani. Robert aliuongeza mara mbili, kisha mara mbili tena, na kando yake kaandika: *msiguse, inafanya kazi.* Allan akaja mwenyewe, akainama juu ya bega la Candida, akauongeza tena. Safari hii kompyuta nzima ikaganda, kipanya hakisogei, kisha programu ikauawa kimya kimya, bila hata yale maandishi mekundu.

"Bosi," Candida alisema, "umemruhusu mtu ale sufuria tatu, na jikoni ipo moja."

"Basi tutanunua mashine kubwa. Mwezi ujao."

Mwezi ujao! Bi Zulekha alimtazama Allan kama mtu anayetazama inzi kwenye chai. Hakubishana naye. Aliomba simu ya Candida, akapiga namba yake mwenyewe ya zamani, akaweka spika, akaiweka mezani. Ikapokewa upesi.

"Zulekha Vitenge, karibu sana mpendwa mteja!" Sauti ilikuwa tamu, laini, imepakwa mafuta. "Mama mwenyewe amesafiri, mimi ndiye mkono wake wa kulia. Uko mkoa gani, dada? Chagua picha yoyote unayoipenda, halafu ile hela itume kwenye namba hii hii. Mzigo unaondoka leo leo. Sisi kwetu uaminifu ndiyo dini."

Bi Zulekha akakata. Candida alikuwa kama mtu aliyekanyaga kitu gizani akajua ni nini kabla hajakitazama. Sauti ile ilikuwa imeyajifunza maneno yote ya shangazi yake, hata karibu yake, hata ile "mpendwa." Angetukana lingekuwa afadhali.

Akairudia kompyuta. "Nafungua kazi ya Robert," alisema.

"Usiiguse programu ya Robert!" Allan aliruka. "Ikiharibika kabisa je?"

"Imeshaharibika, bosi. Imepakwa rangi tu."

"Mwache," Bi Zulekha alisema, na Allan, anayemjua mteja wake, akamwacha.

Shida ilikuwa kwenye picha. Kila mwuza vitenge anaibiwa picha na wenzake, kwa hiyo Robert alitunga hila: wakati wa kufunga mzigo, programu inapiga namba ya simu ya duka juu ya kila picha, kama muhuri. Ndiyo maana namba isingeweza kubandikwa juu juu kwenye furushi la zamani. Ilikuwa imekwisha kukaangwa ndani ya picha zenyewe. Hila nzuri. Lakini Robert aliiamuru programu ifungue picha zote kwa mkupuo, izishike zote mkononi, izipige zote muhuri, ndipo iziweke chini. Vitenge vilipokuwa vichache, ilibeba. Vilipozidi, hakumpunguzia mpagazi mzigo. Alimwambia awe na shingo nene zaidi.

Na mzigo wenyewe! Candida alipolifungua lile folda la picha alisogeza kiti nyuma. Kitenge kimoja kimepigwa picha mara kumi na kitu, zote zimetoka kwenye kamera na ukubwa wake wote, nzito, hazikupunguzwa. Hiyo ni sawa, ni uvivu, uvivu anaujua. Chini yake kulikuwa na vya Robert mwenyewe. Sahani ya chipsi mayai iliyoliwa nusu, sosi ya nyanya imetambaa. Miguu yake ufukweni Kigamboni, makucha marefu yenye mchanga. Picha za mazungumzo yake ya mapenzi na mwanamke ambaye, kwa maneno yale, hakuwa mkewe. Na kila mzigo ulipofungwa, programu tiifu iliyachukua hata yale makucha ikayapiga muhuri: *Zulekha Vitenge, uaminifu daima,* na namba. Jina la mama wa watu, juu ya makucha ya Robert!

"Kuna nini?" Bi Zulekha aliuliza.

"Uchafu, mama. Usiangalie."

Akavihamisha vya Robert kwenye jalala la kompyuta, akalimwaga na jalala. Akazipunguza picha ukubwa, kwani mteja wa Tunduru ataziangalia kwenye simu, si kwenye ukuta wa uwanja wa mpira. Kisha akayaandika upya maagizo: shika picha moja, ipige muhuri, iweke chini, iachie, ndipo ushike nyingine. Memori ni meza ya kufanyia kazi, si stoo.

Akafunga mzigo. Ukaenda mbali kuliko mwanzo, Bi Zulekha akaanza "inshallah," na ukagoma.

Candida akarudi kwenye maagizo. Alisoma mstari kwa mstari mpaka akalikuta: kikapu. Robert alikuwa na kikapu pembeni ambamo kila picha iliyokwisha kazi iliwekewa nakala, eti isije ikahitajika. Hakuna aliyewahi kuihitaji. Hakuna hata mstari mmoja uliochungulia ndani. Programu ilikuwa ikiiachia picha kwa mkono wa kulia na kuidaka kwa wa kushoto, na ndivyo meza ilivyojaa. Alichefukwa kuliko alivyochefukwa na makucha, kwa sababu makucha angalau yalikuwa wazi. Hili lilikuwa shuka lenye doa, limekunjwa vizuri, limewekwa kabatini, na watu wazima wamelilinda kwa kuandika msiguse. Akakifuta kikapu.

Bi Zulekha alikwenda kuswali adhuhuri akarudi, na alipoingia mashine ilikuwa inavuma polepole, bila papara. Mzigo ukafungika. Ukapelekwa. Candida akaifungua tovuti kwenye simu yake, akampa ashike mwenyewe. Juu ya kila kitenge, namba mpya. Bi Zulekha alipitisha kidole juu yake kana kwamba ingefutika, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio.

Allan alisogea. "Umeongeza ngapi?"

"Nimepunguza," Candida alisema, na akamwonyesha ule mstari, umerudi chini ya uwezo wa mashine yenyewe. Mashine kubwa Allan hakununua, ila kile kiti kibovu bado kipo.

Siku kadhaa baadaye Bi Zulekha akapanda tena ngazi, na hotpoti la vitumbua. Jina lilikuwa linarudi, alisema, si lote. Zamda naye Bi Zulekha alimfungia robota la vitenge kwa gharama yake mwenyewe, ingawa si yeye aliyekula hela zake, na Zamda alilipokea bila asante. Lakini wateja wanapiga, wanasikia sauti yake, wanatulia. Simu yake aliiweka mezani kwa Candida ili apate kufungua hotpoti, na hapo hapo ikaita. Namba ya zamani.

Walitazamana. Bi Zulekha akabonyeza spika.

"Shangazi." Sauti ile ile, mafuta yamepungua. "Shangazi, mbona umenifanyia hivi? Umeniharibia biashara. Leo simu haijalia hata mara moja. Mimi nina watoto, shangazi. Si ungeniambia tugawane?"

Ndiyo, alisema tugawane. Candida alimwangalia Bi Zulekha, akijua ulimi wake ulivyo, akangoja mvua ya matusi. Mama wa watu alifumba macho. Pengine alikuwa anamwona yule mtoto aliyempakata. Alipofumbua alisema maneno mawili tu, taratibu, kama mtu anayemtuma mtoto bafuni.

"Mchafu, kaoge."

Akakata, akarudi kwenye vitumbua vyake, ila kifuniko hakikufunguka. Candida alitoa chupa yake ya spiriti, akalowesha pamba, akaifuta ile simu mbele na nyuma, akapita hata kwenye vitundu vidogo vya spika, ndipo akamrudishia mwenyewe.